Chemchem Chini ya Tuta

Kazi yangu ilikuwa kutazama mabwawa yanavyozeeka. Watu wakiniuliza nafanya nini nikawajibu hivyo, hudhani natania. Bwawa la udongo huzeeka kama mtu. Hubonyea hapa, hulegea pale, hutoa jasho miguuni, na lisipopata wa kulitazama hufa siku moja bila kumwarifu yeyote. Waswahili wenzangu nikiwaeleza hayo hawakawii kunitupia, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nimechoka na methali hiyo. Bwawa likipasuka hakuna anayejenga ukuta, watu wanazikana kwanza.

Hili ninalotaka kulisimulia liko Edmonton, kaskazini mwa London, ndani ya bustani ya kaunsili, ile halmashauri ya mtaa. Ni tuta la nyasi lililojengwa zamani za Malkia Victoria kuzuia kijito, ili matajiri wa wakati ule wapate mahali pa kupiga makasia siku za Jumapili. Matajiri walishahama kitambo. Vimebaki vimashua vya pedali vyenye vichwa vya bata, na wazee wa Kiingereza wanaovua samaki kisha wanawarudisha majini, jambo ambalo sijalielewa mpaka leo. Na chini ya tuta kuna nyumba, ukuta kwa ukuta, mtaa baada ya mtaa. Sheria inataka bwawa la ukubwa huo liwe na injinia wake wa kuliangalia. Kaunsili ikanipa mimi.

Jina langu ni Dhiren. Nilizaliwa Wete, Pemba, ambako baba yangu alikuwa na duka la vitambaa. Nilipokuwa mtoto wa shule tukaondoka kama wengi walivyoondoka. Mke wangu Lila alikuwa mtu wa Chake Chake, lakini tulikutana hapa hapa London, na kilichotuunganisha ni kugombana kwa Kiswahili. Kigujarati kilikuwa cha kuzungumza na wazee na Kiingereza cha kazi, ila ukitaka kumtia mtu adabu au kumchekesha, Kiswahili ndicho chenye meno. Lila alifariki mwaka tisini na saba. Binti yetu Sonal anakielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, tena kwa simu, tena kutoka Manchester. Nikabaki katika fleti ya kupanga kule Kilburn, mimi na redio. Nilikuwa mpweke. Nalisema neno lenyewe nisije nikapoteza muda kulizunguka.

Mwaka elfu mbili, majani yalipoanza kuchipua, nilikwenda Edmonton kulikagua tuta. Nilipita juu, nikakuta lile bonde dogo nililolizoea halijazidi. Nikashuka upande wa nyumba, nikawa napita miguuni pa tuta nyuma ya vichaka vya miba, mahali ambapo hata mbwa hawapitishwi. Hapo nikasikia mtu anasema, "Bismillahi."

Nilichokiona kwanza hakikuwa mtu, kilikuwa maji. Ardhini palikuwa na shimo la upana wa sinia, limezungushiwa mawe yaliyopangwa vizuri, na ndani yake maji yanabubujika polepole kutoka chini na kutiririka kwenye kijifereji. Kisha nikamwona mwanamke mzima aliyepiga magoti, koti zito juu ya buibui, upawa mkononi, anachota tope na kulitupa pembeni.

"Mama," nikasema, na Kiswahili kikanitoka kabla sijafikiri, "unafanya nini hapo?"

Hakushtuka. Aligeuka akanitazama mimi Mhindi na koti langu la njano na kofia ya plastiki. "Nafukua chemchem. Huoni? Wa wapi wewe?"

"Wete."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Jamnadas, yule wa vitambaa."

"Baba yako alikuwa akivuta kitambaa wakati wa kupima," akasema. "Mamangu alimgombeza mara mbili. Kaa hapo kwenye jiwe, usijitie matope."

Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa, na shimo lile liko mbele yangu. Labda kwa sababu tangu Lila aondoke hakuna aliyenisemesha vile.

Aliitwa Ummukulthum, na watu wote walimwita Bi Kulthum. Kwao ni Mtambwe, ng'ambo tu ya Wete. Alikuwa amepita Mombasa, akapita Uarabuni, akafika London na mume na watoto wawili, akafanya kazi ya kuwaogesha wazee wa Kizungu mpaka na yeye akawa mzee. Mume alikuwa amekufa. Riyadh, mwanawe wa kwanza, yuko Dubai, na Ziyad yuko Birmingham, na wote wawili walikuwa watoto wema waliopiga simu siku ya Idi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika mtaa, karibu kabisa na tuta. Mwaka uliotangulia, baada ya mvua nyingi, aliona nyasi zimelowa nyuma ya uzio wake. Alichimba kidogo kwa upawa, na maji yakaja.

Kwao Mtambwe, mtu anayeona chemchem hawi mwenye chemchem. Anakuwa mtumishi wake. Anaizungushia mawe, anaifukua kila inapojaa tope ili maji yapate njia, na hamnyimi mtu anayekuja na chombo. Bi Kulthum alikuwa anafanya alivyomwona mama yake akifanya, na alikuwa anafanya vizuri sana. Kila alipofukua, maji yaliongezeka. Aliniambia hivyo kwa fahari, huku mimi nikiyatazama maji yanavyokimbia kwenye kijifereji.

"Bi Kulthum," nikamwambia, "hii si chemchem. Ni bwawa linavuja."

Akacheka. "Maji ya bwawa ni kijani. Tazama haya."

"Yamechujwa na udongo. Yanapita ndani ya tuta mpaka yanatokea hapa. Ukiyafukua unayafungulia mlango. Siku yatakayoanza kubeba udongo, yataanza kula tuta kwa ndani, na hutaona kitu kwa juu mpaka limeanguka."

"Umesoma sana, mwanangu."

"Chemchem haina habari na bwawa. Siku tukishusha maji ya bwawa, hii itakauka, na hapo utajua."

"Na kama haikukauka?"

"Basi nitakuja kuifukua mwenyewe."

Nikamwonyesha kwa kidole nyumba zilivyolala chini ya tuta, yake ikiwa ya kwanza. Akanijibu kwamba yeye ameshahamishwa mara tatu katika maisha yake bila kuulizwa, na maji yakimhamisha itakuwa mara ya nne tu. Nilikasirika nikamwambia Bi Kulthum kwamba jirani yake, mama wa Kikongo mwenye watoto wadogo, labda hajazoea kuhamishwa kama yeye. Akaupangusa upawa kwa nyasi, akautia ndani ya mfuko. Hakufukua tena kuanzia siku hiyo, na nilimwamini kwa sababu niliona tope linavyojijaza taratibu baina ya mawe.

Nilipeleka habari kaunsili siku ile ile. Meneja wa bustani alikuwa Mwingereza anayeitwa Albert, mtu mpole aliyeyapenda yale mabata ya pedali kuliko watoto wake. Tulikubaliana maji yawekewe kibao chenye pengo ili yapimike, na tuta litengenezwe kiangazi kijacho fedha zikipatikana. Maji yalikuwa bado safi. Bwawa la umri ule kuvuja maji safi si ajabu, mradi pawepo mtu wa kuyaangalia. Basi nikawa nakwenda kuyaangalia kila wiki.

Kila nikimaliza kupima, Bi Kulthum alikuwa ameshachungulia dirishani na birika liko motoni. Nilikunywa chai ya tangawizi, nikatukanwa. Alinitukana kwa kuwa mwembamba, kwa kuvaa soksi zilizotoboka, kwa kumwacha Sonal asijue kujibu kwa Kiswahili. Nilimjibu kwamba wanawe wamekulia humu humu na wao vipi. Akasema wanawe ni shauri la Mungu, soksi ni shauri langu. Nilirudi Kilburn kwa basi na treni nikicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Siku moja nilikwenda Jumapili, nikakuta mlangoni viatu vimejaa. Ndani mlikuwa na wanawake wa Kizanzibari na Kipemba kutoka Tottenham, na mmoja Mkenya, wote na chupa za plastiki. Walikuja kuchukua maji. Mmoja wao, Hayat, mtu wa Wete kama mimi, alifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, na ndiye aliyekuwa akiwaleta wenzake kwa gari lake. Bi Kulthum alikaa kitini kama sultani, anagawa maji na maneno. Huyu maji yake ayatie mdalasini, yule amwekee mtoto wake mwenye kikohozi, na wote wachemshe, maana Mhindi kasema wachemshe. Kweli nilikuwa nimesema. Nilikuwa nimesema pia kwamba mabata wa kweli wanajisaidia humo bwawani, lakini hilo hakulifikisha.

Walipoondoka nikamsaidia kuosha vikombe.

"Unaona?" akasema. "Miaka yote niliyokaa nchi hii, mlango huu ulikuwa haugongwi ila na mtu wa gesi. Nilikuwa naweza kukaa tangu Ijumaa mpaka Ijumaa sijasikia sauti yangu mwenyewe. Yalipotoka haya maji ndipo watu wakanijua niko hai. Usinichukulie, mwanangu."

Niliosha kikombe ambacho nilikuwa nimeshakiosha.

Vuli ya mwaka ule ilikuwa mbaya. Wanaoishi Uingereza wanaikumbuka. Mvua ilinyesha mpaka mito ikaingia majumbani. Bwawa lilijaa hadi ukingoni. Asubuhi moja nilifika nikakuta maji kwenye kibao yameongezeka, na rangi yake siyo ile. Nikayachota ndani ya gilasi nikayashikilia juu kuelekea mwangani. Yalikuwa na ukungu kama yametiwa maziwa. Nikayaweka juu ya jiwe nikasubiri, na chini ya gilasi ukatua udongo mwembamba, laini, rangi ya kahawia. Ulikuwa udongo wa ndani ya tuta.

Nilimpigia Albert nikamwambia bwawa lishushwe sasa hivi. Akaniuliza kama haiwezi kungoja mkutano wa Alhamisi. Nilimwambia maneno ambayo sikuwa nimewahi kumwambia mtu aliyenilipa mshahara, na pampu zikaja kabla ya mchana. Malori yakaleta mchanga na kokoto, tukazimwaga juu ya lile shimo ili maji yapite na udongo ubaki. Mawe ya Bi Kulthum yakafukiwa chini yake. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya uzio wake na mtandio umelowa, anatazama. Polisi walikuwa wamegonga milango yote ya mtaa kuwaambia watu wawe tayari kuondoka. Yeye aliwajibu kwamba injinia ni mtoto wa Wete na atamwambia mwenyewe.

Nilipopata nafasi nikamwendea.

"Tumeliwahi," nikasema. "Hamtaondoka."

"Na chemchem?"

"Maji ya bwawa yakishuka, itakauka."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi nisikilize, Dhiren," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Wale wanawake usiwaambie ni bwawa linalovuja. Waambie imekauka. Chemchem hukauka, na hakuna aibu ndani yake. Lakini wakijua nimewanywesha maji ya mabata mwaka mzima, na dua juu yake, uso wangu nitauweka wapi?"

Nikakubali. Niliona ni jambo dogo. Bwawa nimeliokoa, watu wamelala majumbani mwao, na mwanamke mmoja anataka kusitiriwa. Nani angekataa?

Maji yalishuka. Bwawa likabaki dimbwi katikati ya matope, mabata ya pedali yamelala ubavu, na wavuvi wamenuna. Ile chemchem ikakauka kama nilivyosema, na sikufurahia kuwa nilisema kweli. Jumapili wanawake wakaja. Bi Kulthum alikuwa amewawekea halua na kahawa. Nilisimama mbele ya dirisha na koti langu la njano nikawaambia kwamba chemchem imekauka, ndivyo ardhi ilivyo, maji hutafuta njia nyingine. Wakasema inna lillahi. Wakampa pole kama aliyefiwa. Nyuma yangu, nje, pampu zilikuwa zinanguruma na mabomba mazito yanavuka nyasi, na Hayat aliyatazama, akanitazama na mimi, kisha akaiinamia kahawa yake. Waliondoka mapema kuliko siku zote. Kila mmoja alimbusu mkono.

Hawakurudi.

Majira yote ya baridi tulikuwa tunatengeneza tuta. Nilikuwa pale karibu kila siku, na kila siku niliona mlango ule haufunguliwi ila kwangu. Mwanzoni Bi Kulthum alisema ni baridi, watu hawatoki. Kisha akasema ni Ramadhani, watu wana shughuli. Ramadhani ikaisha, Idi ikaja, Riyadh akapiga simu, Ziyad akapiga simu. Chai ikawa inakuja bila matusi. Hilo ndilo lililoniogopesha. Nilivaa makusudi soksi iliyotoboka nikavua viatu mbele yake, na hakusema kitu.

Kazi ikaisha. Tuliweka kokoto na mchanga miguuni pa tuta pote, na bomba la kuyatoa maji polepole, safi, hadi kwenye kijito. Bwawa likajazwa. Albert alifurahi, mabata yakarudi, na mimi nikarudishiwa ratiba yangu ya kawaida, yaani kuja kwa nadra. Siku ya mwisho nilimwendea kumuaga. Nilimkuta amekaa karibu na dirisha na mkeka mtupu mbele yake.

"Umelitengeneza bwawa lako," akasema.

"Nimelitengeneza."

"Ulifanya vizuri. Mimi ndiye niliyekosea. Nilikutuma uwaambie uongo." Alikuwa anazungumza na dirisha zaidi kuliko na mimi. "Ningeliwaacha wanicheke. Wangelicheka mpaka walie, na Jumapili ya pili wangelirudi wanicheke tena. Mtu anayekucheka hurudi. Mtu uliyemwambia kumekwisha, anarudi kufanya nini?"

Akaniomba nikawaambie ukweli. Alisema nimtafute Hayat, nimweleze habari za mabata na kinyesi chao na kila kitu, nisimfiche.

Nyumba ya Hayat ilikuwa Tottenham, ghorofa ya juu katika majengo ya kaunsili. Nilimkuta amevaa bado sare ya kazi, amechoka, binti yake Afnan anatazama televisheni. Akanikaribisha. Nikamweleza yote kama nilivyotumwa: tuta, mvujo, mabata, uongo wa chemchem kukauka. Nilitegemea acheke. Nilikuwa nimejiandaa hata kucheka naye.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua nini?"

"Yote, Kaka Dhiren. Tangu mwanzo. Chupa ya kwanza Afnan alikuta unyoya ndani yake. Na bwawa si liko pale pale, sisi vipofu? Tulikuwa tunayamwaga tukifika nyumbani."

"Sasa mlikuwa mnaendea nini?"

Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyeuliza swali la kitoto. "Tukimwendea yeye. Bi Kulthum si mtu wa kutembelewa. Nilipokutana naye mara ya kwanza msikitini nilimwona amekonda, nikampelekea chakula, akanirudishia sahani mlangoni. Jokha, mwenzetu wa Jumapili, naye alikwenda kumkagua alipoumwa, Bi Kulthum akamwambia hajafika daraja ya kuhurumiwa. Akitembelewa anadhani anaonewa huruma. Lakini alipopata yale maji akawa na cha kutupatia. Ukimwendea kuomba, anakufungulia. Kwa hivyo tukawa tunaomba."

"Na chemchem ilipokauka?"

"Wewe ndiye uliyetwambia imekauka. Na pampu zinanguruma nyuma yako." Akavuta pumzi. "Tukajua amekutuma utuage. Tukasema labda ametuchoka, mtu mzima yule, kila Jumapili kelele. Ungelikuwa wewe ungelikwenda tena, na huna cha kwenda kuomba?"

Afnan alisema kitu kwa Kiingereza bila kugeuka kutoka kwenye televisheni. Alisema kwamba yeye amemkumbuka yule bibi. Hayat akamwambia anyamaze.

"Nikuulize," akasema baadaye. "Lile bwawa, lilitaka kupimwa kila wiki?"

Nilifikiria kumjibu kiinjinia. "Mara moja kwa mwezi ingetosha," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, na hakucheka.

Kutoka Tottenham nilipaswa kurudi Kilburn. Nilisimama kituoni, basi langu likaja, nikaliacha, nikapanda la Edmonton. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumfikishia aliyoyasema Hayat, na kila nilivyoyapanga yaligeuka yakawa kitu kile kile asichokitaka: kwamba watu wazima walikaa wakakubaliana kumhurumia kwa mwaka mzima. Nilipofika mtaani kwake nikaona siwezi kuyasema. Na bwawani sikuwa na kazi yoyote. Koti la njano nilikuwa nimeliacha nyumbani.

Nikagonga. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo bado umefungwa, na jicho lake likatokea.

"Bwawa limefanya nini?"

"Halijafanya kitu."

"Umemwona Hayat?"

"Nimemwona. Ana maneno yake, na akipenda atakuja nayo mwenyewe, si kazi yangu kuyabeba."

"Basi wewe umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuomba, Bi Kulthum."

"Kuomba nini? Hakuna maji hapa."

Nilikuwa na miaka hamsini na zaidi, nina shahada mbili, na nimesimama pale kama mtoto aliyepotea sokoni. "Kwangu hakuna mtu wa kuzungumza naye," nikasema. "Tangu Lila afe naisemesha redio. Nilipokuwa nakuja kupima kila wiki, kazi ilikuwa ya mara moja kwa mwezi. Safari zilizobaki zilikuwa zangu."

Jicho lile halikuondoka juu yangu. Nyuma yangu mtu alipita na mbwa wake, akatusalimu kwa Kiingereza, na hakuna aliyemjibu.

"Miezi yote ile," akasema.

"Yote."

"Hukuweza kusema tu?"

"Wewe uliweza?"

Nilisikia anahangaika na mnyororo, vidole vyake havikuwa na nguvu za zamani, na sikujaribu kumsaidia. Ulipofunguka alikuwa analia, bila kujificha.

"Vua viatu," akasema, "na hizo soksi nizione."